Hapana ya Adoyo

Adoyo alirudi mtaani Komarock na masanduku mawili, koti zito lisilo na kazi yoyote Nairobi, na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa hapana. Alikuwa amelitunza miaka mitano huko Aberdeen, kwenye baridi ya Uskoti, na kama maneno huchacha basi hilo lilikuwa limechacha vizuri.

Watu wa nyumbani walidhani amekuja kusema ndiyo. Mama alikuwa ameshapaka sebule rangi upya na kuazima viti kwa majirani. Jumamosi hiyo wageni walikuwa wanakuja kwa ayie, kile kikao cha Wajaluo cha kumwomba mama wa binti aridhie kabla ya ng'ombe kuanza kutajwa. Na binti waliyekuwa wanakuja kumwomba hakuwa Adoyo. Alikuwa mdogo wake, Awuor.

Mzee Phares, baba yao, alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na kichwa chake kilikuwa kimezoea mambo kupita kwenye njia moja. Kwake, mahari ya binti mdogo haiwezi kuingia nyumbani kabla ya ya mkubwa. Isipokuwa mkubwa mwenyewe aketi mbele ya wageni, aulizwe, na aseme kwa kinywa chake kwamba amemwachia mdogo njia. Wakati fulani Mama alijaribu kuyamaliza kwa simu ya video. Mzee aliitazama ile simu kama kitu kilichookotwa njiani, akasema, "Simu si mtu," akaizima.

Kwa hiyo Awuor alikuwa ameishi miaka yote hiyo mtaa wa Baba Dogo na mwanamume asiyemtolea hata kuku, wakazaa mtoto, na dunia nzima ikawa inamngoja Adoyo. Na Adoyo hakuwa na haraka. Hata kidogo.

Mwanamume mwenyewe aliitwa Seth, na kabla ya kuwa wa Awuor alikuwa wa Adoyo. Hili lazima lisemwe waziwazi kwa sababu pale nyumbani lilikuwa halisemwi kabisa. Siku ya safari, pale uwanja wa ndege, Adoyo alifanya kosa ambalo hufanywa na kifunguamimba anayeamini damu kupita kiasi. Aliuchukua mkono wa Seth akautia kwenye mkono wa mdogo wake. "Niangalizie huyu," alisema. "Mkipika Jumapili, mpelekee sahani."

Awuor alimpelekea sahani. Jumapili baada ya Jumapili alimpelekea sahani, mpaka sahani ikachelewa kurudi, na Awuor naye akachelewa kurudi.

Habari haikumfikia Adoyo kwa mdomo wa mtu. Alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hosteli, akingoja mashine imalize, akafungua kundi la familia kwenye simu na kuona picha. Mama alikuwa anakata keki. Pembeni yake alikuwa ameketi Seth, amejiachia kama mkwe kabisa, na ubavuni mwake Awuor ndani ya gauni pana ambalo halikuficha kitu. Adoyo alikaa palepale kwenye benchi. Mashine ikanyamaza, mwanafunzi mwingine akaja, akazitoa nguo za Adoyo zikiwa mbichi na kuzirundika mezani, na yeye bado ameketi.

Hakuna aliyemwomba radhi. Mama alimwambia kwamba maji yameshamwagika, na kwamba yeye ana masomo, Mungu amempa njia nyingine. Utadhani shahada ni kitu cha kumfuta mtu machozi! Awuor yeye alituma kimoyo chekundu, bila neno. Adoyo alikiangalia kile kimoyo siku nyingi. Alimchukia mdogo wake kwa moyo wake wote, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Kisha baba akapiga simu. "Nyara," alimwita, binti yangu, "mdogo wako atangoja. Wewe ndiwe mkubwa. Utakapokuwa tayari, ndipo." Adoyo alicheka mpaka jirani yake Mnigeria akatoka chumbani kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Tangu hapo akawa na sababu ya kuamka. Na kule sababu ya kuamka inatakiwa, kwa sababu majira ya baridi jua huzama alasiri, saa ambayo Komarock watoto hata hawajatoka shule. Aliamka, akaenda darasani, ambako profesa aliagiza aitwe kwa jina lake la kwanza kama mtu wa rika lako. Adoyo hakuweza. Miaka yote akawa anaanzia kila sentensi na "samahani" ili asilitaje. Wikendi alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwavisha soksi. Jikoni walikuwa wanafunzi sita na jiko moja, na siku aliyokaanga omena, wale dagaa wa ziwani, alizotumiwa na Mama, king'ora cha moto kikalia jengo zima. Watu wakashuka uwanjani na malapa kwenye theluji. Wazima moto wakaja na kofia zao, wakapanda juu, wakaikuta sufuria. Kwa muda mrefu baada ya hapo alikula viazi.

Alipomaliza uzamili angeweza kurudi. Akaomba uzamifu. Alimwambia profesa anapenda utafiti, na si uongo, alipenda. Lakini alipotia sahihi alikuwa anamwona Awuor akiwa Baba Dogo, hana pete, hana ng'ombe, akiulizwa na wanawake wa kanisani ni lini. Kila Jumapili Mama aliuliza, "Umepata mtu?" na kila Jumapili Adoyo alijibu, "Nasoma, Mama." Jibu hilo lilimshibisha kuliko viazi.

Sasa, mtu alikuwepo. Aliitwa Mutisya, mtoto wa Machakos, naye mwanafunzi. Alikuwa anasafiri mji mwingine kumtafutia unga wa ugali, na wakitembea kwenye barafu yeye ndiye aliyekaa upande wa barabara. Adoyo alimpenda. Siku Mutisya alipomwomba waoane, wakiwa kantini na vikombe vyao vya chai, jambo la kwanza lililomjia Adoyo kichwani halikuwa Mutisya. Lilikuwa kwamba akiolewa, njia ya Awuor imefunguka, na Awuor atacheza. "Ngoja nimalize masomo," alisema. Mutisya akangoja, akauliza tena, akapewa jibu lilelile. Mwishowe hakuuliza, aliaga tu. Alipomwoa muuguzi mmoja wa Dundee, Adoyo alihudhuria, akala keki, akapiga makofi. Kwenye treni ya kurudi akamlaumu Awuor kwa hilo pia.

Basi mwaka huu, masomo yakielekea ukingoni, Mama alimlilia kwenye simu kwamba Seth amekuwa na haraka ya ajabu, anataka kulipa kila kitu kwa mkupuo, anayengojwa ni yeye Adoyo tu. Adoyo akakata tiketi. Kukataa kwa mbali hakukumtosha tena. Alitaka kukataa huku anawaangalia.

Ijumaa Awuor alikuja kusaidia mapishi. Adoyo alikuwa uani anapara samaki magamba. Alikuwa amejiandaa kumwona mwanamke aliyenawiri, akaona mtu aliyekonda mpaka shingo, anayemshika mtoto wake wa kike, Aluoch, kama vile kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Karibu home, siz," alisema Awuor.

"Lete hiyo ndoo," alijibu Adoyo bila kuinua macho.

Awuor akaleta ndoo, akamtuma mtoto ndani kwa nyanya yake, akachuchumaa. "Kesho wakikuuliza, utasema aje?"

"Utasikia na wengine."

Awuor akageuka kutazama mlango wa jikoni. "Sema hapana," alinong'ona. "Please, Adoyo. Usikubali."

Kisu kikasimama.

"Akienda job Industrial Area anafunga geti kwa nje," Awuor aliendelea, harakaharaka. "Nakaa na Aluoch ndani mpaka jioni. Simu yangu anashika yeye. Leo ameniachilia juu ya hii mambo ya kesho. Mimi ningekuwa nimetoka kitambo, na mtoto, sababu si hajalipa kitu? Mtoto bado ni wa kwetu. Ndio maana anakimbiza hizi ng'ombe. Ameniambia zikishaingia kwa Baba, nikitoka natoka pekee yangu. Aluoch anabaki na mamake Seth."

"Kwa nini hukumwambia Baba?"

"Atasema si nilimtaka mwenyewe. Na si nilimtaka?" Awuor alifuta uso kwa kiwiko. "Miaka hii yote nimekuwa nikiomba usiolewe. Pole, lakini ni ukweli. Kila Sunday Mama akisema bado unasoma, mimi nalala poa."

Adoyo alihisi kama amezabwa kofi na mtu aliyekuwa anamwomba msaada. Alidhani amemfungia mdogo wake nje kwenye mvua, kumbe yeye ndiye aliyekuwa bati lake. Viazi vyote vile, baridi yote ile, Mutisya kwenye kantini na chai inapoa, ili Awuor alale poa! Alitaka kupiga kelele.

Halafu wazo likamjia, na wazo lilikuwa tamu. Kesho alihitaji kusema ndiyo tu. Neno moja la heshima, wageni wapige vigelegele, na Awuor apewe alichoiba, chote, daima. Hakuna atakayemlaumu. Tusimpake Adoyo mafuta hapa: alitabasamu.

"Utasimama kesho kabla sijaulizwa," alisema, akiendelea kupara. "Utasema ulichonifanyia. Mbele ya Baba na wageni. Yote, hadi sahani."

"Mbele ya watu wa Seth?"

"Wao hasa."

"Na nikisema, utakataa kweli?"

"Hutajua mpaka usikie."

Jumamosi walifika wakiwa wamependeza, wakiongozwa na mzee Ooko, ami yake Seth, msemaji wao. Seth alikuwa na suti mpya. "Shem!" alimwita Adoyo, amemfungulia mikono. "Umekuwa mzungu kabisa! Yale ya kitambo si tulishasahau?" Adoyo akampa ncha za vidole. Huyu ndiye mtu ambaye Adoyo alimlilia huko Aberdeen. Alimtazama akinywa chai kwa kelele, akayaonea haya machozi yake.

Chai iliponywewa, mzee Phares alisimama na kusafisha koo. Kabla hajaanza, Awuor, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akasema, "Baba, naomba niongee."

Hakuna aliyempokea sinia. Alisema kwamba Seth alikuwa mchumba wa dada yake. Kwamba dada yake alimwamini, akamkabidhi, akamwambia ampelekee chakula, naye akapeleka chakula na kujipeleka mwenyewe. "Nilimchukua nikijua," alisema. "Na sikuwahi sema pole."

Mzee Ooko alikohoa. Mama alijifunika uso kwa leso.

"Awuor, keti," alisema Seth.

"Mwache asimame," alisema Adoyo.

Alimwacha asimame. Hii ndiyo siku aliyokuwa ameiota, na hakuona sababu ya kuiharakisha. Baba alipomuuliza, kwa sauti ya mtu aliyezeeka ghafla, kama anamwachia mdogo wake njia, Adoyo alikoroga chai yake. Alikunywa. Alimtazama Awuor mpaka Awuor akafumba macho. Lile neno ndiyo lilikuwa palepale kwenye ulimi, na hadi leo hawezi kuapa kwamba hangelisema. Kisha akamwona Seth. Seth alikuwa anatabasamu, ameshatulia, kama mtu anayejua wanawake wa nyumba hii humpelekea sahani.

"Hapana, Baba," alisema Adoyo.

Tabasamu likakatika. Ule mkatiko Adoyo aliunywa pamoja na chai iliyobaki.

"Shem, hizi ni nini sasa? Kwa sababu ya mambo ya utoto?"

"Sijaolewa, na sina haraka," alisema Adoyo. "Na Baba, kabla wageni hawajaondoka, muulize Seth geti lake la Baba Dogo hufungwa kutoka upande gani."

Mzee Phares alimgeukia Seth, polepole. "Linafungwa upande gani?"

Seth alifungua mdomo. Akamtazama ami yake, akalitazama dari lililopakwa rangi upya, na jibu halikupatikana huko kote. Mzee Ooko alikuwa mtu mzima, hakuhitaji kuelezwa. Alichukua kofia yake, akawaashiria wenzake, wakatoka kabla kuku hajaletwa. Seth alipotaka kumshika Awuor mkono, mzee Phares alisimama katikati. "Huyu atalala kwao," alisema. "Na mtoto wetu pia."

Walikula wenyewe kuku wa wageni, jikoni, watu wachache na chakula kingi. Awuor alimsogelea dada yake. "Asante, siz."

"Usinishukuru. Sikukufanyia wewe."

Mama, ambaye alikuwa amelia mpaka akachoka, aliona labda huu ndio wakati wa kutafuta jambo la heri. "Lakini wewe nawe, mwanangu, miaka yote huko kweli hukupata mtu?"

Adoyo angeweza kusema nasoma. Badala yake alimgeukia Awuor, ambaye alikuwa anamlisha Aluoch, akangoja mpaka macho yao yakakutana.

"Nilipata, Mama. Nikamkataa, ili huyu asiolewe."

Kijiko cha Awuor kilibaki hewani. Mtoto akangoja na mdomo wazi. Adoyo alitazama maneno yakiingia kwa mdogo wake, yakienda chini, yakikaa mahali ambapo yatakaa. Hakumwonea huruma.

"Anaitwa nani?" Awuor aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo sana.

"Anaitwa Mutisya. Shika hilo jina," alisema Adoyo. "Nimechoka kulibeba peke yangu."