Lita Mbili au Lita Tatu

Kaka yangu alinunua lile gari kabla ya vita, akalileta Bukoba kutoka ng'ambo ya mpaka. Lilikuwa la milango miwili, pua ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu, na mlango wa nyuma ulifunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Mjini watu walilitambua kwa mlio kabla hawajaliona. Vita vilipoanza na watu wakakimbilia kusini, alilipeleka nyumbani kwetu Kamachumu, wilaya ya Muleba, akaliingiza kibanjani katikati ya migomba na kulifunika kwa majani makavu. Askari hawakulifikia, lakini mvua ililifikia. Tulipolifunua, injini ilikuwa imeshika kutu na haikuzunguka tena.

Likakaa hivyo miaka kadhaa. Kaka alikuja kuugua ule ugonjwa wa kukonda usio na dawa, ambao kwetu uliitwa Juliana, jina lililotokana na vitambaa vya magendo, na ambalo hatukulitamka mbele ya mgonjwa. Wazazi walikuwa wamefariki, dada zetu pia. Tulibaki wawili. Nilikuwa karani bandarini, nimepanga nyumba Rwamishenye, nikamchukua akae kwangu ili awe karibu na hospitali.

Asubuhi moja, akiwa anaota jua uani, alisema, "Nataka gari langu litembee."

Tukalivuta kwa lori mpaka Miembeni, kwa fundi mmoja mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka Pwani. Alikuwa na injini mbili sakafuni, zimekalishwa juu ya matairi. Moja ilikuwa ya silinda nne, lita mbili. Nyingine ilikuwa ya silinda sita, lita tatu, iliyotolewa kwenye gari lililopinduka. Zote mbili zingeingia.

Nilizichunguza kwa utaratibu, kama nilivyozoea kukagua mizigo. Ile ndogo ingekaa mahali pake bila kukatwa kitu, na dumu moja la petroli lingetupeleka Kamachumu na kuturudisha. Ile kubwa ilidai rejeta isogezwe mbele na springi za mbele zibadilishwe kwa sababu ya uzito, na dumu hilohilo lingetufikisha tu. Petroli ilikuwa ya kibali na foleni.

"Hii inakula kama bibi harusi," fundi alisema, akiigonga ndogo kwa spana. "Na hii inakula kama wajomba kwenye matanga."

"Basi ndogo," nikasema.

"Gari utabebea nini?"

"Watu."

"Walio hai?" Akashtuka mwenyewe kwa alichosema, akajipiga mdomoni. "Astaghfirullah."

Kaka, aliyekuwa kwenye benchi na sweta lake, alicheka mpaka akakohoa. "Umeuliza vizuri, mzee. Huyu mdogo wangu ameshapiga hesabu ya kunirudisha nyumbani. Nikiwa nimelala, lita mbili zinatosha."

Ndiyo hesabu niliyokuwa nimepiga.

"Weka kubwa," akasema. "Siku hiyo nitakwenda polepole vya kutosha. Kwanza nipandishwe mlima nikiwa nimekaa."

Ikawekwa kubwa. Tulikwenda naye nyumbani mara moja tu. Muhutwe, pale barabara inapoanza kupanda kwenda Kamachumu, aliteremsha kioo akatoa kiwiko nje. "Usibadili gia. Liache livute," alisema. Gari likapanda kwa sauti nzito, bila kuhangaika, vumbi jekundu likibaki nyuma yetu. Yeye alifumba macho. Sikumwona tena na uso ule.

Alipofariki, gari halikuwa na petroli. Nilimpeleka nyumbani kwa pikapu ya mchuuzi wa dagaa wa visiwani, nikiwa nimekaa nyuma karibu na jeneza, katikati ya magunia matupu. Matanga yalipoisha, wazee wa ukoo walinikalisha kwenye kiti chake kama mrithi. Nikarudi Rwamishenye kwenye nyumba yenye vikombe viwili na mtu mmoja.

Miaka ile mwenye gari alikuwa mtu wa wote. Mtu akifa mjini, lazima akazikwe kibanjani kwao. Majirani walichanga petroli, wakalibeba dumu mpaka kwa mwenye gari, naye akaendesha. Huko alikalishwa pamoja na wafiwa, akapewa matoke na rubisi, pombe yetu ya ndizi, akajulikana kwa jina. Jirani yangu mwenye kigari kidogo aliitwa mpaka akawa na ndugu Muleba nzima. Mimi nilisimama getini nikiwaona wanapita na dumu lao. Walinisalimu vizuri, kisha wakaingia kwake.

Siku moja nilimuuliza mama mmoja wa Buhembe, aliyekuwa amefiwa na mume, kwa nini hawaji kwangu.

"Gari lako tunalipenda, waitu," alisema, akiniita kwa heshima ya kwetu. "Lakini linakunywa. Dumu tulilochanga litatuacha njiani na maiti."

Jioni nilizoea kuliwasha uani, nikasikiliza kidogo, nikalizima. Ndiyo sauti pekee iliyobaki ya watu wa kwetu. Kuibadilisha injini ile kulikuwa kama kumzika mara ya pili, na safari hii bila mtu wa kunisaidia kubeba. Lakini kuibakiza kulimaanisha kuendelea kusimama getini.

Nikalipeleka Miembeni. Ile ya lita mbili bado ilikuwa juu ya matairi yake, imefunikwa gunia.

"Marehemu alitaka kubwa," nilimwambia fundi.

"Na alipewa. Alipanda nayo?"

"Alipanda."

"Basi. Iwashe uisikie kabla sijafungua nati."

Nikaiwasha. Alisimama kando, kofia mkononi, mpaka nilipoizima mwenyewe.

Ndogo ilipokwisha kuwekwa, hazikupita siku nyingi majirani wakaja getini na dumu. Aliyefariki alikuwa kijana wa Muleba, sikumfahamu. Jeneza halikuenea, ikabidi tung'oe kiti cha abiria, kiti cha kaka, tukakiacha sebuleni kwangu. Wafiwa walitangulia na lori. Muhutwe nilishika gia ya kwanza, na injini ndogo ikapanda taratibu, ikilalamika njia nzima. Nilijikuta nimeteremsha kioo cha upande wa kaka.

Kwa wafiwa walinipokea kwa mikono miwili, wakanitafutia nafasi kwenye majani waliyotandika wafiwa, mzee mmoja akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nikamtajia. Akaniuliza waliobaki ni nani.

"Ni mimi," nikasema. Akanisogezea sahani.