Bamba la Waliofika kwa Meli

Mwanafunzi mkubwa kuliko wote katika darasa langu la uraia alikuwa mama mmoja kutoka Kivu, mpakiaji mizigo ghalani, jirani yangu hapa Linden, Marekani. Tulisoma Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha kanisa lao. Mimi ni Mtanzania na ni Mwislamu, lakini siku ya kwanza nilipewa chai kabla hata ya kuulizwa shida yangu.

Mara ya kwanza kwenye usaili wa uraia alifeli maswali ya historia, na si kwamba hakusoma. Dada yake wa Louisville alimfundisha kwa simu kama walivyofundishwa katekisimu utotoni: swali la kwanza na jibu lake, la pili na jibu lake, mpaka mwisho, bila kukosea. Ofisa akaanzia katikati. Mama akaanza kuyapitia yote kimoyomoyo tangu mwanzo ili afike pale, na kabla hajafika akaulizwa jingine.

Ilibaki nafasi moja. Mama yake mzazi, mzee sana, alikuwa bado katika kambi ya wakimbizi Uganda, na mwanafunzi wangu alikuwa ameapa kutopanda ndege kwenda kumwona mpaka awe na pasipoti ya Marekani mkononi. Nilimtengenezea kadi za maswali, nikazichanganya. Nikigeuka tu, alikuwa amezipanga upya.

Wiki tatu kabla ya usaili, kwaya yao ilialikwa harusini Virginia, nami nikaombwa kuendesha gari. Tulisimama kando ya mto mpana tule sambusa. Pale palikuwa na bamba la chuma juu ya nguzo, kumbukumbu ya Waingereza wa mwanzo walioshuka kwa meli kuja kufanya makazi. Nikamsomea taratibu, sentensi moja kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Mtu akitaka kuelewa, hakuna haja ya kukimbilia mstari wa mwisho.

Akaanza kuuliza. Walikaa melini muda gani? Miezi, nikamwambia. Walijua kulima udongo ule? Wengi hawakujua. Niliposoma kwamba wengi walikufa kwa njaa na maradhi, akanisimulia baridi yake ya kwanza Buffalo, alikopokelewa alipoingia nchini, jinsi alivyotoka kwenye theluji na kandambili kwa kuwa hakuna aliyemwonya.

Halafu akaligeukia bamba. "Bon, mwalimu. Na benye inchi, balibapigia hodi?"

Nikamwambia hapana, wenye nchi hawakupigiwa hodi. Wenyeji walikuwepo, na vijiji vyao na mashamba yao ya mahindi. Kuna wakati waliwalisha wageni, na baadaye wakanyang'anywa ardhi. Hakupendezwa. Kwao mgeni huanzia kwa chifu, hata akija kulala usiku mmoja. Binti yake, aliyekuwa ameegemea gari, akamkumbusha kwa Kiingereza kwamba hilo limo kwenye mtihani: nani waliishi hapa kabla ya Wazungu. Mama akamtazama. Swali hilo alikuwa amelikariri mwaka mzima.

Tangu siku hiyo tuliacha kufuata namba za maswali. Kila swali tulilitafutia watu wake: nani alikuja, alikimbia nini, alimkuta nani.

Siku ya usaili nilimsubiri nje na binti yake. Mama alitoka mapema mno, amekunja uso, karatasi mkononi.

"Amenikatisha," akasema. "Niko na majibu ingine mingi, ye anafunga."

Nikamweleza kwamba ukishafikisha majibu yanayotakiwa, hawaendelei kuuliza. Binti akaichukua karatasi, akaisoma, akamkumbatia. Amefaulu. Mama akasema sawa, lakini wangemwacha amalize.

Ndani ya gari alipiga simu Uganda. Bibi, mama yake, alishangilia, kisha akataka kujua kama mwanawe anakuja Jumapili hii. Mama akacheka, akaanza kumweleza, polepole, kwamba kwanza kuna kiapo, halafu fomu ya pasipoti, halafu tiketi. Bibi akauliza tena. Mama akaanza upya, wala hakuchoka.