Kawa la Bluu

Watu wa Koboko wanaposikia sauti ya Zuhurah, hushika mifuko yao kwanza. Kwa miaka minane amekaa nyuma ya pikipiki ya Wani, kipaza sauti kikiwa kimefungwa kwa mpira, akiimba matangazo ya vyandarua, mbegu za mahindi, mashine mpya ya kusaga na siku za chanjo. Nyimbo zote hutunga mwenyewe, asubuhi, akiwa bado hajaamka sawasawa. Sauti hutangulia. Huelea juu ya mihogo, watu wanaacha majembe, na pikipiki hutokea baadaye sana, kama kitu kilichokumbukwa.

Hakupanga iwe hivyo. Alianzia kwenye doluka, ngoma ya harusi ya Wanubi, akimwitikia shangazi yake Zam. Pale kazi yake ilikuwa kusifu majina ya wajomba wa bwana harusi, na usiku majina yale yalimfuata usingizini, yamevaa kanzu. Baadaye akaenda Arua. Katika ukumbi mmoja alipanda jukwaani na kufumbua midomo tu, santuri za wasanii wa Kampala zikiimba kwa niaba yake. Alipigiwa makofi kwa koo la mtu mwingine. Kisha bendi moja ikamweka nyuma, awe mwitikiaji, mpaka kiongozi wake alipovuka kwenda Juba na gitaa lake na asirudi. Zuhurah akarudi Koboko, na Wani, aliyekuwa akitafuta mtu wa kutangaza sabuni, akamwambia apande.

Mama yake alikuwa msusi wa makawa ya kufunikia chakula. Alipofariki aliacha moja nusu, mizunguko ya bluu ikiishia hewani, ukindu umesimama kama nywele. Zuhurah alilitundika ukutani. Mwaka jana, bila kuombwa na mwenye duka yeyote, wimbo ulimjia akilitazama:

*Mama, bluu hii uliitoa wapi,
duara limebaki wazi mkononi mwangu.*

Alikwenda kuurekodi Arua, kwenye chumba cha Anguzu kilichobandikwa trei za mayai ukuta mzima. Anguzu alisikiliza mara mbili, macho yamefumbwa.

"Wimbo mzuri. Mpe mtu mwenye jina aimbe."

"Mimi niko na jina."

"Jina lako iko kwa vyandarua, dada."

Hakumpa mtu. Aliupeleka redioni mwenyewe. Siku tatu alikaa karibu na redio bila kupika, na siku ya nne akausikia, kipande kifupi tu, kati ya tangazo la godoro na la dawa ya kupe. Mtangazaji alikuwa ameitambua sauti, akaupanga pamoja na matangazo. Hata akacheka: "Sasa hii kawa inauzwa wapi?"

Zuhurah alizima redio. Aliona kwamba wimbo ule ukibaki hapo, na yeye atabaki hapo, mpaka mwisho, akiuza.

Asubuhi iliyofuata alimwita Wani.

"Twende Lobule."

"Leo tunauza nini?"

"Hakuna."

"Hakuna iko bei gani?" Wani alicheka peke yake, kisha akamtazama usoni, akawasha pikipiki polepole.

Ukungu ulikuwa haujanyanyuka. Aliimba akiwa amefumba macho, na kwa mara ya kwanza hakuisikia sauti yake ikimkimbilia mtu. Ilikwenda tu, mahali fulani, kama moshi wa jiko la mama. Walipofika kwenye njia panda ya Lobule wanawake walikuwa wameshakusanyika, pesa zao zimefungwa fundo kwenye vitambaa.

"Leo umeleta nini, mama?"

"Wimbo tu."

"Ya nini?"

"Ya mama yangu."

Mmoja akasonya. "Mimi nimeacha uji kwa moto!" Wengine wakacheka, wakaanza kuondoka. Zuhurah alishusha kipaza sauti, akaanza kukunja waya.

Mwanamke aliyeitwa Margarita alibaki, ameegemea jembe.

"Rudia pale kwa bluu," alisema.

Alirudia, bila kipaza sauti. Margarita hakupiga makofi. Aliweka jembe chini, akakaa juu ya mpini wake, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka na kwenda shambani bila kuaga.

Wiki mbili baadaye mwenye duka la mbegu aliwatuma tena huko. Zuhurah alikuwa ameandaa tangazo zuri, lenye mahindi mawili kila bua. Alipofungua kinywa, Margarita alinyanyua mkono.

"Wewe, mbegu ingoje. Imba ile ya mama kwanza."

"Ndiyo, ile ya kawa," akasema yule wa uji, ambaye safari hii alikuwa amekuja na kigoda.

Zuhurah alimtazama Wani. Wani alizima pikipiki.