Televisheni ya Mama Haitoki

Enzi zetu pale Kaloleni, mtu hakuangalia televisheni akiwa amelala kitandani na blanketi kichwani, kama wafanyavyo wanangu na simu zao. Ulinawa miguu kwanza. Ulijipaka mafuta ya mgando mpaka magoti yakang'aa, ukaenda kukaa mkekani na wenzako, na aliyepiga soga wakati wa taarifa ya habari alitolewa nje. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nimesimama upande gani. Mdogo wangu Godlisten ametangaza kwenye kikundi cha familia kwamba Jumamosi anakuja na pikapu kuiondoa televisheni ya mama, aweke nyingine nyembamba ya kutundika ukutani. Ndugu wote wamemjibu kwa dole gumba. Mimi nimemwandikia neno moja: haitoki.

Si televisheni ya kichogo kama zile mlizokuwa nazo wengi wenu. Hii ni dude zima, kimo chake cha mtoto wa darasa la tatu, upana wa kabati la vyombo. Ndani yake kuna taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, nazo hupiga picha kwenye kioo kilicho nyuma, kisha kioo kinairusha picha mbele kwenye skrini, kama sinema iliyofungiwa ndani ya sanduku. Wajukuu wa mama wanaiita friji. Waiite tu, hawakuwepo.

Mama aliinunua baada ya baba yetu kufariki. Alikuwa anauza makoti ya mitumba karibu na uwanja wa mpira, na nyie mnaoijua Arusha ya mwezi wa saba, ukungu wa Meru ukiwa umeshuka mpaka kwenye mabati, mnajua koti halilali sokoni. Mzungu mmoja wa Engutoto alikuwa anarudi kwao na anauza vyombo vya nyumba nzima, kuanzia masufuria hadi mapazia. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo mama akanichukua twende.

Palikuwa na televisheni mbili. Watu wote walikuwa wameizunguka ile ya kichogo, na mama akaenda kwenye ile kubwa ambayo hakuna aliyeitaka. Aliichagua kama alivyokuwa anachagua makoti: akaizunguka, akaipapasa, akainusa kwa nyuma kama ina harufu ya kuungua. Halafu akafanya jambo lililonitia aibu mbele za watu. Alivua viatu akaketi sakafuni mbele yake, akanyoosha miguu kana kwamba yuko kwake. Akasimama. Akaketi tena. Akaenda pembeni kabisa karibu na mlango, akachungulia.

Yule mzungu akamfuata, akaona ni vema aseme ukweli. Akamweleza kwamba televisheni za aina hii zinaonekana vizuri kwa mtu aliyekaa mbele yake tu, tena macho yake yakiwa usawa wa skrini. Ukisimama picha inafifia, ukienda pembeni inafifia, na ukiiinamisha mbele kidogo, wanaoona ni wale wa chini.

"Kwa hiyo aliyesimama dirishani haoni?" mama akauliza.

"Haoni kitu, mama."

"Basi hii naichukua."

Nilimwona mama yangu mchoyo, nikaumia. Mnakumbuka wenyewe jinsi dirisha la nyumba yenye televisheni lilivyojaa vichwa vya watoto wa mtaa, mpaka wenye nyumba wakawa wanashusha pazia. Nilidhani mama ametafuta televisheni inayojishushia pazia yenyewe. Lakini jioni ya kwanza, watoto walipoacha michezo yao ya rede na kombolela wakaja kubanana dirishani na kuona giza, mama alitoka nje akawaambia, "Hapo hamtaona kitu. Naweni miguu muingie." Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakitafuta kule sakafuni kwa mzungu. Alikuwa anapima mkeka wetu.

Na mkeka ulijaa! Kandambili zilijipanga mlangoni kama za msibani. Sahani ya kiburu ilizunguka, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, kila mtoto na kijiko chake, na ole wake aliyechota upande wa mwenzake. Mama aliweka vibao viwili vya mbao chini ya televisheni, kwa nyuma, ili skrini ituinamie sisi wa chini. Naye alikaa hapo hapo katikati yetu, rimoti mkononi, kanga imefungwa kiunoni.

Kurekebisha picha ilikuwa kazi ya ukoo mzima. Umeme ukikatika na kurudi, zile rangi tatu zilikuwa zinahama, kila msomaji wa habari anatokea na kivuli chekundu begani. Sisi tulitaka irekebishwe papo hapo. Mama alikataa. "Acheni ipate moto kwanza," alisema, "ukiirekebisha ikiwa baridi, baadaye itahama tena." Tulisubiri huku tunaona watu wenye mabega mawili mawili. Ikishapata moto, mama aliita kwa rimoti mistari ya msalaba kwenye skrini, mmoja wetu anasogea karibu na kutamka: "Nyekundu kushoto, mama. Kidogo. Umepitiliza!" Mistari ikilaliana ikawa mstari mmoja mweupe, mkeka mzima ulipiga makofi. Vijana wa leo picha ikigoma sekunde moja wanaitukana simu.

Sasa nieleze kile kiti. Baba aliacha kiti cha mninga, kirefu, chenye mikono mipana na kitambaa cha kufuma mgongoni. Baada ya matanga, kaka yake mkubwa aliyekaa Olmotonyi alianza kuja kila Jumapili kutoka kanisani, na alikuwa akikaa kwenye kiti hicho bila kukaribishwa. Tulimwamkia shikamoo, akaitika huku anakagua chumba. Kutoka kitini aliamua nani aendelee na shule, kuku yupi achinjwe, na mama apokee wageni gani. Siku aliyoikuta televisheni alisema kitu kama hicho hakiwezi kukaa kwenye nyumba isiyo na mwanamume. Ni mali ya ndugu yake. Jumapili inayofuata angekuja na pikapu kuipeleka kwake.

Mama alikuwa ameinunua kwa makoti yake mwenyewe. Wote tulijua hivyo, na baba mkubwa alijua. Lakini nani angesimama amwambie? Kama televisheni ingetoka wiki ile, wiki nyingine ingetoka cherehani, halafu kabati, na mwisho tungetolewa wenyewe. Wajane wa mtaani kwetu walikuwa wameondolewa hivyo, kitu kimoja kimoja. Wiki ile mama hakulala vizuri, na mimi nililala na hasira.

Jumapili pikapu ikaja kweli, na vijana wawili wa kubeba. Mama aliwapa chai wote. Akawasha televisheni. Baba mkubwa akaketi kwenye kiti chake, yaani cha baba yetu, akavaa miwani, akaangalia.

"Mbona giza?"

Sisi wa mkekani tulikuwa tunaona kila kitu, mpaka vifungo vya shati la mtangazaji. Vile vibao viwili vilikuwa vimeipeleka picha yote kwetu.

"Shemeji," mama akasema kwa upole, "hii inaonekana ukiwa chini. Karibu mkekani."

"Mimi nikae chini na watoto?"

"Ndipo inapoonekana, shemeji. Sikufichi."

Akaomba rimoti, akaongeza mwanga, akapunguza, akatafuta rangi. Giza lile lile. Wale vijana wa kubeba walikuwa wamesimama mlangoni, nao hawakuona kitu, wakaanza kutazamana. Mama akamkaribisha tena mkekani, hata akamsogezea mto. Kulikuwa na hatua moja tu kati ya kiti na mkeka, na mzee yule hakuweza kuishuka. Alisimama akakung'uta suruali.

"Ni bovu hili," akasema. "Umeuziwa takataka. Baki nalo."

Pikapu ikarudi Olmotonyi tupu. Jumapili zilizofuata alikuja mara chache, halafu akaacha kabisa, na hakuna kitu chochote kilichotoka nyumbani kwetu. Kile kiti mama hakukikalia. Alikuwa anaweka juu yake nguo za kupiga pasi, yeye akabaki mkekani na sisi mpaka tulipokua, tukasoma, tukaondoka mmoja mmoja.

Sasa mama ni mzee na magoti yamemgomea. Akishuka mkekani hainuki, kwa hiyo ameanza kukaa kwenye kile kiti. Na mwezi uliopita akaanza kulalamika: "Mbona giza siku hizi? Au ni macho?" Godlisten alimpeleka kupimwa macho, akamnunulia miwani, giza likabaki. Ndipo akahitimisha kwamba televisheni imekufa, akatangaza habari ya pikapu.

Nilikwenda kumsalimia mama juzi. Nikavua viatu, nikakaa mkekani na kikombe changu cha chai kama zamani, na picha ilikuwa inang'aa. Nikainua macho nikamwona mama yangu kitini, amekunja uso, anautafuta mpira gizani. Nilijisikia vibaya sana, nikacheka, vyote kwa pamoja. Nikamwita binti yangu Neema, akaiacha simu yake kwa shida, tukaegemea lile dude kwa mabega na kuvitoa vile vibao viwili, ambavyo mama mwenyewe alishavisahau. Skrini ikasimama wima. Tukasubiri ipate moto. Nikaurudisha mstari mwekundu mahali pake huku Neema akinielekeza kutoka kwenye skrini, na naapa, mistari ilipolaliana alipiga makofi bila kuambiwa.

Mama akaweka mikono yake kwenye ile mikono mipana ya mninga.

"Kumbe hapa ni pazuri hivi," akasema.

Nililia, na sioni haya kusema.

Najua hoja za Godlisten. Televisheni ya ukutani inaonekana kutoka kila kona, hata ukiwa jikoni, hata ukiwa umesimama unapita. Ndiyo, na kwake Njiro nimeona: ukuta mzima unawaka, na watu watano wamekaa kwenye sofa moja, kila mmoja na simu yake na vitu masikioni, mmoja anacheka peke yake, mwenzake hajui anachekea nini. Hakuna anayepiga makofi. Sisi tulikuwa na televisheni moja iliyodai mtu aingie ndani, anawe miguu na akae na wenzake. Kama huo ni ushamba, mimi ni mshamba, na nitakufa hivyo.

Jumamosi aje. Chai itakuwepo. Namjua mdogo wangu, atasimama mlangoni na funguo za gari mkononi, na kwa kuwa amesimama ataona giza, atasema mnaona, nimewaambia. Nitamsogezea stuli karibu na kiti cha mama na kumwambia karibu ukae, ndipo inapoonekana, sikufichi. Akikaa, ataona alichotaka kukitoa. Asipokaa, na aondoke na pikapu yake tupu. Haitakuwa ya kwanza.