Kofia za Blanketi

Enzi zetu kule Kimuli baiskeli ilikuwa moja kwa kila nyumba, tena ya baba. Ililala sebuleni kama mgeni wa heshima, na sisi tuliipata jioni tu, baada ya kutoka kibanjani, kwenye migomba. Miguu haikufikia pedali tukikaa kitini, basi tuliupitisha mmoja katikati ya fremu, tukaendesha tumejipinda, vumbi jekundu likituingia mdomoni pamoja na ndizi kisukari tulizokuwa tunatafuna. Watoto wa siku hizi wanaopiga picha juu ya baiskeli isiyotembea hawajui utamu ule.

Hapo rika langu hupiga makofi. Subirini kwanza.

Kaka yangu Tumwesige alikuwa darasa la sita, hodari wa hesabu kuliko sote. Jioni moja ya kiangazi aliteremka mlima wa kwetu, breki zikakatika, akatupwa kichwa kwenye jiwe. Alipozinduka hospitalini alimwita mama "shangazi". Alirudi nyumbani na miguu yake na mikono yake, lakini hesabu hazikurudi naye. Shule akaiacha.

Majirani walisema ni mipango ya Mungu. Mama yangu, Mlutheri wa kwaya, alikataa katakata.

"Mungu hakukata breki," alisema.

Akachana blanketi, akashona kofia nene zilizojazwa pamba ya godoro, zenye kamba ya kufunga kidevuni. Akatangaza kwamba hakuna mtoto wake atakayegusa baiskeli kichwa wazi. Tulichekwa jamani! Kwa zile kamba, shuleni walituita wagonjwa wa jino. Baba alivumilia, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Mama Tumwesige, unanitia aibu. Kwenye pombe ya rubisi wenzangu wananicheka."

"Aibu utaizoea, Baba Tumwesige. Mimi ya hospitali, ya kuitwa shangazi na mwanangu, sijaizoea."

Baba akaturuhusu kupanda bila kofia. Mama hakubishana. Alichukua spana, akafungua pedali zote mbili, akazitia mkobani pamoja na kitabu cha nyimbo, akaenda zake mazoezi ya kwaya. Siku hiyo baba alikuwa na gunia la kahawa la kupeleka chama cha ushirika. Alilisukuma juu ya baiskeli kwa miguu njia nzima, na kila aliyemwamkia alitaka kujua baiskeli imepatwa na nini. Jioni alinawa mikono, akala, ndipo akasema, "Rudisha pedali. Watavaa."

Mama alimwongezea maharage bila kutabasamu. Keshoye jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Rwanda, alikuja na kipande cha blanketi amekikunja kwapani. "Washonee na watoto wangu," akasema. Wakafuata wengine. Mpaka mvua za vuli zinaanza, wagonjwa wa jino tulikuwa wengi mlimani kuliko wazima.

Leo kwenye kundi letu la simu mnatumiana picha za zamani na maneno yale yale: "Tulipanda bila kofia na hatukufa." Huwa nawajibu palepale, na nitaendelea kuwajibu hata mkinitoa kundini. Wanaoandika hivyo ni waliopona. Tumwesige hana simu. Ana mvi sasa, na bado asubuhi huuliza kama kengele ya shule imelia.

Najua kofia ya mama isingelishinda jiwe kubwa. Lilikuwa blanketi tu. Enzi zile kofia ngumu hatukuwa nazo, tulikuwa na mama aliyekubali kuchekwa na kijiji kizima. Leo kofia zinauzwa mpaka mnadani, askari wanawasimamisha wa bodaboda wasiozivaa, na bado mzazi anampandisha mwanawe kichwa wazi kwa sababu ni hapo karibu tu.

Mjukuu wangu hununa nikimvalisha yake. Anasema inaharibu nywele. Anune. Nitazisuka upya.