Bunduki ya Babu Iliyokatwa

Nimefanya kazi ya ufundi wa silaha jeshini miaka mingi. Nimeshika bunduki zilizoliwa na kutu na hata moja iliyokanyagwa na lori. Hakuna iliyonipandisha hasira kama ile niliyowekewa mezani nyumbani kwa shangazi yangu, mjini Sib, Oman, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Ilikuwa bunduki ya babu, ya kijeshi, ya zamani sana. Babu aliwaachia ndugu zake alipotoka Oman kuhamia Unguja, na sisi tuliporudi Oman wakampa shangazi, binti yake. Harusini ilitolewa, wanaume wakacheza nayo razha, ngoma ya panga na bunduki.

"Nnakuomba uitazame," shangazi alisema. "Mwanangu kaichukua mwezi mzima, kanirudishia hii. Ati sasa ndiyo ina thamani."

Nilihakikisha kwanza haina risasi, kisha nikaipeleka dirishani. Mtutu umekatwa zaidi ya shibiri moja, na alama ya mbele ya kulengea imekwenda nao. Mti uliofunika mtutu umepigwa msumeno katikati. Juu ya chuma wametoboa matundu manne ya kufungia darubini. Kitako kimepigwa msasa mpaka muhuri wa jeshi umefutika, halafu kikapakwa vanishi, king'ae kama kabati la sebuleni. Nikatazama nambari. Ya kwenye kifungio na ya kwenye mwili ni moja! Vyuma vile vimekaa pamoja tangu kiwandani, jambo ambalo kwa bunduki ya umri ule ni nadra.

Mwanawe alikuwa kasimama mlangoni, anatabasamu. "Kaka, ilikuwa gogo tu. Sasa ni ya kuwindia, ya kisasa."

"Utawinda nini? Swala wenyewe marufuku kuwagusa. Kabla hujaikata, mkusanyaji wa silaha za kale angekuomba kwa adabu aishike tu. Leo hatainyanyua."

"Lakini inarudi kama zamani?" shangazi aliuliza.

Nilimwambia kweli. Vanishi inatoka. Matundu yanazibwa, ila anayejua atayaona. Mti unaungwa, kikipatikana kipande chake. Muhuri uliofutwa haurudi. Na mtutu hauungwi. Atakayeipiga bunduki ya mtutu wa kuunga, itampasukia usoni.

Tukaenda sote watatu mpaka Mabela, kwenye karakana ya fundi wa mbao na chuma aliyeifanya kazi ile. Nilijitayarisha kumgombeza. Lakini mzee yule aliingia ndani, akatoka na kipande cha mti kimefungwa gazeti, pete za fedha za kuushikiza kwenye mtutu bado zimo.

"Niliona haya kukitupa," alisema. "Nilimuuliza kijana mara mbili kama ana hakika. Chuma kilichokatwa kilishachukuliwa na watu wa vyuma chakavu."

Basi hata yule aliyelipwa kukata alisita, na mjukuu wa mwenye bunduki hakusita!

Njiani tukirudi, binamu yangu akanigeukia kana kwamba ana habari njema. "Kaka, si kazi. Tafuta mtutu mwingine, igonge nambari ileile na muhuri mpya, tumuuzie mtu kama ya asili. Nani atajua?"

Nilipunguza mwendo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, shangazi akanitangulia kutoka kiti cha nyuma.

"Simamisha gari."

Nikasimama pembeni.

"Shuka," alimwambia mwanawe. "Umeshaiharibu bunduki ya baba yangu, sasa unataka tuisemee uongo? Utakuja na teksi."

Akashuka. Jua la saa sita, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka kumtazama.

Nilitumia Ijumaa zangu za miezi mitatu kuitengeneza. Niliunga mti kwa gundi na vigingi, nikaitoa vanishi taratibu kwa kitambaa, nikaziba matundu. Kitako nilikiacha kitupu pale ulipokuwa muhuri. Sikuchonga wa bandia. Mtutu nao nimeuacha mfupi, kwa hiyo mti sasa umeupita chuma kama inchi nne, na bunduki ina sura ya mtu aliyevaa kanzu ya kaka yake.

Mnunuzi mmoja alikuja, akaipindua pindua, akasema haina soko. Shangazi akamjibu kwamba hakumwita. Ameitundika sebuleni, na kila mgeni anayeuliza kwa nini mti mrefu kuliko mtutu, anaambiwa, "Muulize mwanangu, huyo hapo."

Naye hujibu, macho chini. Mimi bado sijamsamehe.