Swali ya mutoto wa kwanza: namna nilifungia mama konti yake mu parking ya banki

Wakuu, salamu kwenu wote. Niko Butembo, donc Kiswahili ni cha huku kwetu, mutakivumilia. Hii nitaandika nilifanya na mikono yangu mwenyewe, na mahali nilikosa sitaruka.

Natumika ku banki. Jina ya banki muache.

Huku mutu hapendi kuonekana anatoka banki na mufuko. Njo maana tulianzisha huduma ya mu gari. Kiliya, mwenye konti kwetu, anaingia mu parking yetu, anabaki amekaa, mimi namufuata na tablette.

Kumuhakikisha ni mambo matatu. Naangalia sura yake na carte d'électeur, ile kitambulisho ya kupigia kura. Namutumia code ku simu, ananisomea. Kisha yeye mwenyewe anaandika jibu ya swali ya siri. Akikosa mara tatu, konti inafunga, na sisi tunamuhesabu mwizi mupaka aonyeshe kinyume.

Zile carte, bale ba Congo munazijua. Nyingi picha imefutika, unabaki unaangalia kivuli. Donc uzito yote inabakia kwa ile swali.

Na swali ilitoka siège, makao makuu ya banki, mbali sana na kwetu: "Jina ya mutoto wako wa kwanza ni nani?"

Bale habako Banande nitabaeleza. Kwetu jina inafuata namna mutoto alizaliwa. Kijana wa kwanza ni Paluku, bengine banasema Mumbere. Binti wa kwanza ni Masika. Simama mu soko uite Paluku, uone batu ngapi banageuka. Sasa hiyo ni siri gani?

Tulicheka sana. Mais hakuna mutu aliandikia siège.

Na mimi nilikuwa mubaya kupita benzangu. Mbele ya kuja Butembo nilikuwa natumika ku agence yetu ya Beni, mu mutaa wa Beu. Bamama ba kakao balipanga laini ndefu kufungua konti, jua inachoma, nikaanza kujaza ile nafasi bila kuuliza. Namuona mutoto, naandika Paluku ao Masika, naita anayefuata. Hiyo mushike, tutairudilia.

Bon. Asubuyi moja gari ya vioo vyeusi ikaingia mu parking. Nyuma mulikuwa mama amelala, muguu imefungwa na mbao. Mwenye kuendesha alikuwa shemeki yake. Mifuko ya kakao ilimuangukia Beni, na hopitali ya hapa Butembo ilikataa kumupasua mbele ya kulipa caution, franga ya kutanguliza. Daktari alisema isipite leo, ama sivyo muguu itakatwa. Franga yake yote ilikuwa kwetu.

Carte: kivuli. Code: alisoma muzuri. Swali: akaandika, tablette ikaleta nyekundu. Akaandika tena, nyekundu.

Shemeki akageuka: "Andika Paluku! Unangoja nini?"

"Paluku hapana wa kwanza," mama akajibu.

"Andika tu! Muguu inaoza!"

"Siwezi."

Akaandika kile alikuwa anaandika tangu mwanzo. Nyekundu ya tatu. Konti ikafunga.

Niseme ukweli, mimi nilikuwa nimeshakata maneno. Vioo vyeusi, picha imefutika, mwanaume anamupatia jibu. Nikasimama wima kama mutu wa kazi, nikamuambia:

"Mama, mwenye konti anajua jina ya mutoto wake."

Hakulia. Hakunitukana. 

"Wewe njo uliniandikaka kule Beni," akasema. "Nilikuwa na Paluku ku mugongo. Haukuniuliza kitu. Wa kwanza wangu ni Masika. Nilimuzika."

Wakuu, haya ilinishika mupaka nikakosa mahali pa kutia macho.

Nikapanda kwa gérante, mukubwa wetu wa agence. Akaomba Beni bamutumie picha ya fiche ya kufungua konti. Ikafika, pa mutoto wa kwanza imeandikwa Paluku. Akageuza écran upande wangu.

"Hii mwandiko ni ya nani?"

"Yangu, madame."

"Ulimuuliza?"

Hapo njo palikuwa pagumu. Nikisema ndiyo, mama ni mwizi, mimi niko safi. Nikisema hapana, labda kazi inaenda, na niko na batoto batatu. Ile ndiyo ilikuwa tayari ku ulimi, sitabadanganya.

"Hapana, madame. Sikumuuliza."

Hakupiga kelele. Alichomoa mashine ya alama za vidole ku meza yake, ile haitokaka mu bureau, akasema tushuke. Kidole ya mama ikalingana na ile alitia kule Beni, mara ya kwanza. Kisha nikaambiwa nijaze fiche mupya, palepale ku mulango ya gari.

Nikamuuliza, safari hii na mudomo: "Mama, mutoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

"Masika. Andika muzuri."

Nikaandika. Konti ikafunguka, akapata franga yake, bakaenda hopitali, hakuna mutu aliniaga.

Nilipata barua ya onyo, ilinistahili. Ile swali imeondolewa kabisa, njo maana naweza kuisema hapa. Sasa kila kiliya anajichagulia swali yake, anaandika jibu mwenyewe, na mimi nageuza macho.

Fundisho yangu ni hii: mashine ilifanya kazi yake muzuri. Mimi njo nilijibia mutu kitu sikumuuliza, kisha nikamuita mwizi juu hakujibu kama mimi.

Bale munatumika ku banki zingine, kwenu munahakikisha namna gani kiliya wa mu gari? Andikeni hapa chini. Na mwenye kutaka kunisema, aniseme.

Mbele mutu aulize: muguu ilipona. Juzi alirudi, akashuka mu gari mwenyewe, na fimbo. Guichet yangu ilikuwa bule, haina mutu. Akanisalimia vizuri, akapita, akaenda kupanga laini kwa mwenzangu.